Mstari wa Nne

Kila siku ya shule, saa nane na nusu mchana, Eufrazia alivua sare, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akavuka barabara kwenda kwenye chumba cha kompyuta alimofanya kazi mama yake mdogo, Irene. Ilikuwa mtaa wa Mwembesongo, mjini, miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa na kompyuta kuukuu za ng'ambo zikaingia nchini pamoja na mitumba. Bwana Kasiani, mwenye chumba, alikuwa nazo sita. Watu walileta barua zichapwe na picha zisafishwe, na kila kazi ilipita kwenye waya hadi kompyuta kubwa ya pembeni, ambayo ndiyo iliyochapisha.

Shida ilikuwa hiyo kubwa. Iliganda ghafla, na kazi za watu zikapotea.

"Irene," Bwana Kasiani alisema Jumatatu, "Ijumaa jioni ikiwa bado inaganda, nazirudisha zote kwa aliyeniuzia. Chumba nafunga."

Chumba kikifungwa, Irene angerudi Mgeta kulima kabichi, na Eufrazia angeacha shule ya mjini amfuate. Wote wawili walilijua hilo.

Irene hakukata tamaa. Mfumo ulioendesha kompyuta zile ulikuwa wa bure, na maandishi yake yote, yaani amri zinazoiongoza mashine, yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuyasoma. Alishuku sehemu ya ndani kabisa, ile inayopokea kazi kutoka kwenye waya.

"Kumbukumbu ya kompyuta ni kama mashamba ya kwetu," alimweleza Eufrazia. "Kila kazi ina kipande chake, na mpakani pamepandwa masale. Mmoja akipitisha jembe kwenye masale, maharage ya jirani yanakufa. Ukifika unamkuta jirani analia, na mkosaji katulia kimya. Ndiyo maana nataka daftari."

Kuandika daftari ilikuwa kazi ya Eufrazia. Kompyuta ikiganda, aandike saa, aliyekuwa akituma, na alichotuma. Kufikia Jumatano mchana kulikuwa na mistari mitatu, na yote mitatu ilikuwa ya picha. Irene alitabasamu, akaenda chuoni Mzumbe kuazima kitabu.

Nje wasichana walikuwa wakicheza rede. "Dakika tano tu," Eufrazia alijiambia, na dakika tano za rede kila mtu anazijua. Aliporudi, kompyuta ilikuwa imeganda na chumbani hamna mtu. Aliizima, akaiwasha upya, akaandika mstari wa nne: *Saa tisa na nusu. Nasibu. Barua fupi.* Jina alilisoma kwenye kioo kabla ya kuizima; barua fupi aliitunga, kwa sababu nafasi ilitaka kujazwa.

Alhamisi alimkuta Irene amezungukwa na karatasi, chai yake imepoa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nimepotea, mwanangu. Nilidhani vitu vikubwa ndivyo vinavyovuka mpaka, lakini barua fupi nayo imeigandisha. Tangu asubuhi natafuta kwingine, na kesho ndiyo Ijumaa."

Eufrazia alihisi aibu ikimpanda hadi masikioni. Angeweza kunyamaza. Alitazama daftari, akaiwaza Mgeta.

"Mama mdogo, mstari wa nne ni wa uongo. Sikuwepo. Nilikuwa nacheza rede."

Irene hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Eufrazia zaidi. Alimwita tu Nasibu, fundi wa picha.

"Jana alasiri ulituma nini?"

"Picha ya maharusi, dada. Ilipoganda nikatoka kukuita, nikaambiwa umekwenda Mzumbe."

Irene aliukata mstari kwa kalamu nyekundu, akarudi kwenye maandishi aliyoyaacha asubuhi. Kabla ya magharibi alikuwa amelipata kosa. Picha ilisafiri vipande vipande, na kila kipande kilichojaa kilizidi nafasi yake kwa herufi nne. Hakuna aliyekipima kabla ya kukiingiza, na zile nne ziliangukia shamba la jirani. Aliongeza amri moja: pima kwanza, kikizidi kikatae, kitumwe upya kikiwa kidogo.

Ijumaa alasiri Nasibu alituma picha ishirini mfululizo, Bwana Kasiani akiwa amesimama mikono nyuma. Zote zilichapwa. Bwana Kasiani alikohoa, akasema chumba kitafunguliwa Jumatatu kama kawaida.

"Kosa la mashine nimelipata," Irene alimwambia Eufrazia walipobaki wawili. "La daftari nisingelipata hata kwa mwaka, kwa sababu nililiamini. Usipojua, andika hujui. Hapo mwenzako atajua pa kutafuta."

Jumatatu umeme ulikatika Eufrazia akiwa dukani. Aliporudi alifungua daftari, chini ya mstari mwekundu, akaandika: *Umeme umekatika. Saa sijui. Sikuwepo.*