Kiputo Kwenye Dirisha la Komeo

Kiputo kimoja cha hewa kiligoma kutoka chini ya karatasi ya dirisha. Fundi wa vioo alikisukuma kwa kipande chake cha mpira, akakinyunyizia maji ya sabuni, akakisukuma tena, nacho kikawa kinahama tu kama mtu anayempisha mwenzake kichochoroni. Mwishowe kikatulia usawa wa uso wa mtu mzima aliyesimama nje.

"Kitakauka chenyewe," fundi alisema akijifuta jasho. "Ila bosi, karatasi hii hubandikwa kwa ndani. Ukiibandika nje inashika kila kinachopita."

"Wewe na ndani mwangu, wapi na wapi?" Komeo alimjibu. "Bandika hukohuko nje."

Komeo ni jina alilopewa na mtaa, na mtaa haukumwonea. Alikuwa dereva wa lori la saruji, anayechechemea mguu wa kushoto, mpole barabarani, lakini nyumbani alikuwa na kufuli kwenye geti, kufuli kwenye mlango, na jicho kali kwa kila mwanamume aliyemsalimia mkewe. Mke alikuwa fundi wa nguo za kike. Alishonea chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, na mchana jua lilimpiga usoni hadi akawa anashona amefumba jicho moja, vitambaa vya wateja vikipauka rafuni. Aliomba pazia zito. Komeo akamletea karatasi ya kioo, ile inayopunguza joto na mng'ao, ambayo mchana humfanya aliye nje ajione mwenyewe badala ya kuona ndani. Kwa mkewe aliisifia baridi tu. Hilo la pili alilimeza.

Na kweli chumba kilipoa. "Leo nimeshona bila kutokwa machozi," mke alisema, akamwandalia mumewe chai kwa mikono miwili. Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Basi siku zile Komeo alianza kunenepa.

Ilianza harufu. Kila jua lilipofika utosini, chumba kilinuka kitambaa kilichoungua, na pasi iko baridi mezani. Kisha ukaja mkwaruzo, kama ukucha unaofuata ukingo wa kioo taratibu. Mke alidhani ni ndege. Hakumwambia mtu.

Aliyesema ni kinyozi wa upande wa pili wa barabara, ambaye wateja wake walikuwa wamezoea kuvuka kwenda kujitazama kwenye dirisha lile wakishanyolewa.

"Jirani, usije ukanikasirikia," alimnong'oneza Komeo. "Wateja wangu hawalitaki tena dirisha lako. Wakijitazama wanaona mtu kasimama nyuma yao, mrefu, anachungulia ndani juu ya mabega yao. Wakigeuka, hakuna mtu."

Komeo alisikia neno moja tu. "Mwanamume?"

"Nakwambia hakuna mtu, wewe unaniuliza kama ana ndevu!"

Siku iliyofuata Komeo aliliacha lori kazini mchana, akarudi kwa miguu. Mtaa ulikuwa mtupu, jua linachoma hadi lami inanata viatuni. Alisimama mbele ya dirisha akajiona: nyusi zina vumbi la saruji, shati limelowa. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Alitaka kumcheka kinyozi. Akainua mkono ajifute paji la uso, na yule wa kwenye kioo hakuinua, alibaki amemkazia macho tu, kisha akageuka, akampa mgongo, akaanza kutembea kwenda ndani, na shati lile lile lililolowa, na kuchechemea kule kule kwa mguu wa kushoto, mpaka Komeo akajikuta ameegemeza paji lake juu ya kile kiputo, viganja vimeziba mwanga pande zote mbili, anamwona mkewe akimwinulia mgeni uso na kucheka, kicheko ambacho mara ya mwisho yeye alikisikia siku za uchumba.

Woga ulikuja baadaye. Kwanza aliona wivu, wivu mtupu.

Alifungua makufuli, akaingia. Mke alikuwa peke yake, na mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai.

"Umesahau nini tena?" mke aliuliza. "Si umetoka sasa hivi?"

"Mimi?"

"Acha utani, mume wangu. Siku hizi unarudi mchana, unakaa hapo, unanisifia mishono. Miaka yote hukuwahi kuuliza naumwa mgongo au siumwi." Akamtazama vizuri. Sauti ikashuka. "Kwani... hukuwa wewe?"

Komeo alitafuta mganga. Alitafuta mwanamke, maana mganga wa kiume angeingia vipi chumba kile? Mama yule alinusa kioo, akatikisa kichwa.

"Ni jini la mchana, lilikuwa linapita zake. Likakuta wivu umebandikwa nje, likauvaa. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Bandua mwenyewe, uchome yote. Kisha mwache mkeo aonekane na watu. Hakuna dawa nyingine."

Komeo alibandua. Kiputo kilipopasuka kilitoa pumzi ndefu ya moto, na kinyozi aliyekuwa akitazama kwa mbali akafunga duka. Karatasi ikakunjamana motoni, ikaisha.

"Kimebaki kipande?" mganga aliuliza.

"Hakijabaki."

Mke alikuwa amesimama mlangoni, analitazama dirisha kama anayesindikiza mgeni.

"Unamlilia?" Komeo alimuuliza.

"Ni moshi," mke alisema, akaingia ndani.

Lakini kipande kilikuwepo, ukubwa wa kiganja, kwenye mfuko wa shati la Komeo. Jini limeondoka, sawa. Na yale machozi je? Alitaka kuona kwa macho yake kama mkewe anamkumbuka yule.

Mchana mmoja, lori limeegeshwa kazini naye yumo ndani, alikibandika kipande kile kwenye kioo cha mlango wa lori kwa mate, akaziba mwanga kwa viganja. Hakuona magari wala watu wa saruji. Alikiona chumba cha mbele. Mkewe alikuwa peke yake juani, anashona, amefumba jicho moja, na Komeo akafurahi, Mungu amsamehe, akafurahi kuona hana mtu wa kumsifia. Ndipo lori likanuka kitambaa kilichoungua, na ndani ya kipande kile kidogo akatokea mtu mwenye vumbi la saruji kwenye nyusi, akamtazama, akampa mgongo, akaenda zake akichechemea, huku akichezesha mkononi funguo mbili ambazo Komeo alizijua hata kwa mlio, na Komeo akapapasa mfuko wa suruali, akapapasa wa pili, asikute kitu.

Alikimbia hadi nyumbani. Geti lilikuwa wazi, mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga.

"Nani?" Mkewe alinong'ona kwa hofu, yuko karibu kabisa na mlango.

"Mimi, mumeo. Fungua, tafadhali, fungua!"

Mke akasema, "Ondoka, kaka yangu. Mume wangu yupo ndani."

Mle ndani, nyuma ya mkewe, kwa sauti ya Komeo mwenyewe, mtu akauliza, "Mwanamume gani huyo unaongea naye?"

Na ufunguo ukazungushwa mara ya pili.