Jicho la Anastase

Ndagijimana hakuwa na nyumba, kwa maana lava ya mlima wa moto wa Nyiragongo iliimeza. Hakuwa na ndugu, kwa maana waasi walimchukua Twagirimana, mdogo wake, na hata kaburi lake halijulikani. Hakuwa na glavu wala miwani ya kazi. Usingizi pia hakuwa nao. Alikuwa na nyundo moja tu, na rafiki mmoja, Anastase.

Kila asubuhi wawili hao walipanda hadi Munigi, nje ya mji, kuvunja mawe. Lava ilikuwa imepoa, na watu wa Goma walihitaji mawe ili wajenge tena. Wavunja mawe wa hapo walikuwa na desturi yao. Waliketi wawili wawili, uso kwa uso, jiwe katikati. Hivyo masimulizi yalinoga na siku ilikwenda upesi.

"Umelalaje, ndugu?" Anastase aliuliza asubuhi moja.

"Muzuri tu," Ndagijimana akajibu. Kumbe huo ulikuwa usiku wa nne bila kufumba jicho.

"Mbona unapiga jiwe kama limekula mbuzi wako?"

"Limekula nyumba yangu!"

Anastase akacheka. Ndagijimana hakucheka. Alimkumbuka mdogo wake, macho mazito kwa kukesha. Akainua nyundo, akaishusha kwa hasira. Ikaenda upande. Kipande cha jiwe kikaruka, kikamchoma Anastase jichoni.

"Mama yangu weee!"

Wenzao wakaja mbio. Mmoja akalisugua jicho kwa ncha ya kitenge. Mwingine akatia maji ya chumvi. "Vumilia, wewe ni mwanaume," wakamwambia. Akavumilia siku mbili. Siku ya tatu jicho lilikuwa limevimba kama yai. Ndipo Ndagijimana akampeleka kituo cha afya, kwa muuguzi Mama Émérance.

Muuguzi alilimulika jicho kwa tochi, akalitazama.

"Mumechelewa, baba zangu. Jicho hili limekufa. Kitu kikichoma jicho, musisugue, musikitoe, musitie chochote. Lifunikeni kwa kikombe safi bila kulibonyeza, mukimbie kwa munganga saa ile ile."

Anastase aliinuka, akatoka nje huku akipapasa ukuta.

"Na wewe, papa," muuguzi akamwuliza Ndagijimana, "unalala?"

"Muzuri tu."

"Sikukusalimu. Nimekuuliza."

Ndagijimana akaketi chini, akalia. Akasimulia yote: moto, waasi, mdogo wake, kukesha kwake, na vile walivyoketi uso kwa uso kazini.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mama Émérance akasema. "Mutu asiyelala asishike nyundo. Aseme mapema, apewe kazi ya kupanga mawe. Saa sita mupumzike, mule, munywe maji. Na uchungu wako usiubebe peke yako. Njoo hapa kila juma, tuongee. Halafu, ile ya kuketi uso kwa uso muiache. Ketini mustari mumoja, mutazame upande mumoja, hatua tatu kati yenu."

"Tutaongea namna gani, mama?"

"Kwani munasikia kwa macho?"

Kesho yake Ndagijimana aliwaeleza wenzake. Cirimwami, mkubwa wao wa kazi, alimcheka. "Sasa tuketi kama kanisani?" Lakini alipotazama mahali pa Anastase, palipokuwa patupu, kicheko kikamwishia. Akasogeza jiwe lake mwenyewe, likae mstarini.

Fundi mmoja wa mtaa wa Mabanga aliwatengenezea miwani ya wavu wa chuma. Kila asubuhi waliulizana hali ya usingizi, na aliyekesha alisema kweli bila haya. Miezi sita ikapita bila jicho hata moja kuumizwa. Ndagijimana naye alianza kulala, kidogo kidogo.

Ila Anastase alikuwa amerudi Rutshuru kwa mama yake, bila kuaga. Kisha vita vikafunga njia. Siku njia ilipofunguliwa, Ndagijimana alichukua karatasi, akaandika:

*Ndugu Anastase, siku ile uliniuliza nimelalaje, nami nikakudanganya. Ningesema kweli, ungekuwa na macho mawili. Hapa sasa tunaketi mustari mumoja, na hakuna aliyeumia tena. Jicho lako siwezi kulirudisha. Naomba unisamehe. Ukikataa, nitaelewa.*

Akaikunja karatasi, akaitia katika bahasha, akaibandika kwa bugali kidogo badala ya gundi, akaibana kwa kidole hadi ikashika. Kisha akaipeleka kwa dereva wa gari la Rutshuru.

"Ya nani hii, muzee?"

"Ya rafiki yangu. Kama angali ananiita hivyo."

Dereva akaitia mfukoni mwa shati, akawasha gari.