Sauti ya Kuanzia

Kila siku saa kumi alasiri, vikundi vya muziki vya chuo chetu hugombania nafasi ya kufanyia mazoezi. Wapiga gitaa hukaa ngazini, wapiga ngoma nyuma ya maktaba, nasi wanakwaya husukuma meza za bwalo hadi ukutani. Mimi ndiye hubonyeza kinanda kuwapa wenzangu sauti ya kuanzia. Tena kwa miaka miwili, ubeti wa kwanza niliuimba peke yangu.

Kisha akaja Chiriku, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi hata akipiga mswaki. Hakumaliza mwezi, mwalimu wa muziki akampa ubeti wangu. Nilitabasamu, lakini moyoni nilikuwa nawaka. Nilimwonea wivu hadi kwa jinsi alivyoshika daftari. Na mama yangu, fundi cherehani, alikwisha kunishonea gauni la kuimbia ubeti huo siku ya mahafali.

"Dada, nionyeshe pale pa kuvuta pumzi," Chiriku aliniomba.

"Bingwa si wewe? Jionyeshe mwenyewe."

Siku ya mahafali bwalo lilijaa pomoni, mama akiwa safu ya mbele. Nilibonyeza kinanda juu zaidi kuliko tulivyozoea, makusudi kabisa. Nilitaka Chiriku akwame, watu wacheke, ubeti unirudie.

Chiriku alifumba macho, akapanda bila shida. Watu wakashangilia. Kikaja kiitikio cha sote, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sauti ile niliwapandishia wote, nami nikiwemo. Koo langu likakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Wenzangu nao wakapasuka sauti mmoja mmoja, na wapiga gitaa wakaangua kicheko. Mama aliinamisha kichwa.

Nyuma ya pazia wote walimgeukia Chiriku.

"Umetuaibisha! Nani alikutuma kupaa hivyo?"

"Nilifuata kinanda," alisema huku akilia.

Hakuna aliyenitazama. Ningenyamaza tu, ubeti ungekuwa wangu tena. Lakini yale machozi yalinishinda.

"Mwalimu, ni mimi," nilisema. "Nilipandisha makusudi. Nilikuwa namwonea wivu."

"Nilisikia tangu mwanzo," mwalimu alijibu. "Nilikuwa nangoja uniambie. Bado tuna wimbo wa pili, na kinanda ni chako. Haya, twende."

Safari hii nilibonyeza panapostahili. Chiriku, aliyeongoza na wimbo huo, alipokaribia pale pagumu pa kuvuta pumzi, nilimwinulia kidole, akavuta pumzi, akapita vizuri. Mama alisimama kupiga makofi, na niliona haya kuyapokea.

Tulipokuwa tunarudisha meza, mwalimu alituita mimi na Chiriku.

"Ulitaka kumharibia mmoja," aliniambia, "ukatuharibia wote, na wewe wa kwanza. Wivu kila mtu huupata, hata mimi. Ukikujia, useme mapema kabla haujakushika mkono. Sasa mwombe mwenzako radhi."

Nilimwomba radhi. Chiriku alifuta macho, kisha mdomo ukaanza kazi yake.

"Kesho utanionyesha na ile sehemu ya mwisho, dada? Na ile ya katikati? Na—"

"Saa kumi," nilimkatiza. "Usichelewe."