Folda Iliyoitwa LEO

Fundi huchonga mawe ya makaburi. Mkewe huchora maandishi kwenye kompyuta, na mashine huyafuata. Kila jioni mke hubofya faili la amri. Michoro ya siku hiyo, ambayo majina yake ni namba tu kuanzia 1, huhamia kwenye folda inayoitwa LEO.

Alhamisi asubuhi mjane mmoja alikuja kulikagua jina la mumewe. Jiwe lilitakiwa Jumamosi. Mke akafungua mchoro namba 1, likatokea jina la mwanamke.

"Bibi huyu ni nani?" aliuliza.

Mke akatazama kioo cha kompyuta. "Mumeo alikuwa jiwe la kwanza la Jumatatu. Huyu ni jiwe la kwanza la jana."

"Kwa hiyo mume wangu kafutwa na mwanamke mwingine? Hii mara ya tatu nakuja! Mnanichosha!"

Fundi akamwita dada yake, mtunza kumbukumbu wa hospitali. Dada alitazama, akaguna.

"Kaka, kila siku ni LEO. Jiwe la kwanza la leo likiingia, la jana linafutika."

"Basi nitaandika tarehe mwenyewe!" Akaandika 14/3. Kompyuta ikakataa. "Umeona? Inagoma!"

"Mstari ulioinama hauruhusiwi kwenye jina la folda. Tumia kistari. Anza na mwaka, mwezi, kisha siku, ndipo folda zijipange kwa mfuatano. Na usiandike wewe, utasahau."

"Mimi nisahau?"

"Tangu jana funguo ziko mlangoni," mkewe alisema. Fundi akanuna.

Dada akafungua faili la amri, akaandika juu kabisa:

for /f %%a in ('powershell -Command "Get-Date -Format yyyy-MM-dd"') do set tarehe=%%a
md "Michoro_%tarehe%"

"Mdudu gani huyu?" fundi aliuliza.

"Mstari wa kwanza unaiuliza kompyuta tarehe. Wa pili unatengeneza folda yenye tarehe hiyo. MM ziwe kubwa, ndogo ni dakika. Chini, palipoandikwa LEO, weka Michoro_%tarehe%."

Siku hiyohiyo mke alichora upya. Mjane akaridhika. Ijumaa akarudi, akataka herufi kubwa zaidi. Zikachorwa. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Nirudishieni ule mchoro wa jana."

Fundi alivuta pumzi. Akafungua folda ya jana. Mchoro ulikuwepo.

"Huu hapa, mama. Sasa, tafadhali, usibadilishe tena!"

Mashine ikaanza kuvuma. Jumamosi jiwe lilisimama kaburini, na jina lilikuwa la mwenyewe.