Jina Lililoitwa Mara Elfu Ishirini

Mashine iliitika kabla ya kuwaka. Nzembi alidhani macho yanamchezea, akasoma rekodi tena: imezimika saa nane na dakika tatu, imeitika papo hapo, na taa yake bado haijawaka.

Kazi yake, katika chumba kimoja ghorofa ya nne huko Kariobangi, ilikuwa kujaribu mfumo wa kompyuta kabla haujauzwa. Programu huizima mashine na kuiwasha upya mara mia mbili kwa siku, na kila mara huiita kwa jina, sekunde baada ya sekunde, mpaka iitike ndipo jaribio liendelee. Jina la kila mashine huchagua Nzembi mwenyewe. Hii aliipa la mumewe Maingi, mchonga vinyago, waliyemzika Machakos mwaka uliopita. Upweke ulikuwa umemzidi. Alitaka tu kuona jina hilo likiitwa na kuitikiwa.

Owen, msimamizi wake, ambaye haogopi kitu ila intaneti kukatika, alimcheka kwenye simu, akamwambia akague waya wa umeme. Nzembi akauchomoa kabisa. Mashine ikaitika tena, mchana kweupe, ploti nzima ya wapangaji kimya, watu kazini na watoto shuleni, na harufu ya mpingo uliochongwa sasa hivi ikatoka upande wa kitanda, ikaja polepole, ikasimama nyuma ya kiti chake, naye asiweze kugeuka kwa woga, na pia, aibu iliyoje, kwa kutotaka iondoke.

Kesho yake alimleta Mama Hodo wa Majengo, anayesomea watu dua. Mama huyo alisimama mlangoni kwanza.

"Umemwita mara ngapi, mwanangu?"

"Programu ndiyo inaita, mama. Labda mara elfu ishirini."

"Aliyekufa harudi. Lakini wako wanaosikia jina linaitwa na halina mwenyewe, wakalichukua." Akashusha sauti. "Libadilishe. Na kitu hicho kikikuita wewe, usiitike."

Akasoma, akafukiza ubani, akaenda. Nzembi akaiita mashine Namba Saba. Wiki nzima ilizimika na kuwaka vizuri, na hakuna mtu hata mmoja aliyebisha hodi mlangoni kwake.

Ijumaa mchana, mashine ikamwita. "Nzembi." Sekunde moja, tena, "Nzembi," kwa sauti yenye mkwaruzo wa kifua kilichovuta vumbi la miti, iliyokaribia sana kuwa ya Maingi na haikuwa yake, na yeye alijua kuwa haikuwa yake, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akahesabu mpaka mia tatu, huku machozi yakimtoka.

Akashusha mikono.

"Naam," akasema. "Niko hapa."