Kofia Kwenye Chemchemi

Alhamisi asubuhi, mwezi wa pili 1994, mvua ilipokatika, wachimba chokaa wa Kakontwe waliikuta maiti ya Théodore ndani ya shimo kando ya karieri, machimbo yao, kichwa kimepasuka kisogoni. Saa hiyohiyo akina mama waliokwenda kuchota maji kwenye chemchemi bondeni waliiokota kofia yake ya plastiki ya kazi, inaelea kati ya ndoo zao.

Théodore alikuwa mpimaji. Kazi ilipomwishia aliendelea peke yake kuchora ramani ya mashimo ambayo maji ya mvua huyala ndani ya jiwe la chokaa, kwa sababu nyumba mbili zilikuwa zimekwisha kuzama. Kila alipogundua utupu chini ya ardhi, alisimika kijiti chekundu.

Inspekta Floribert alimkamata Jimmy, mkulima wa jirani. Vijiti vitatu vilivyong'olewa vilikuwa vimetupwa katika mahindi yake, hatua chache kutoka shimo la maiti. Shimo hilo liko juu kabisa ya chemchemi, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza kofia ilipita wapi.

"Nilimutukana, papa," Jimmy alisema nyuma ya nondo za kasho ya polisi. "Nilingoa na bijiti yake. Lakini kumuua, hapana. Batu beko inje na petroli, unabasikia?"

Floribert aliwasikia. Alijua pia kwamba asingeweza kuwazuia kwa muda mrefu.

Akaenda mlimani, kwenye hekalu lililokuwa likijengwa, kumuuliza Pasta Godefroid kama marehemu alipita huko. Aliuliza kwa adabu. Godefroid ndiye aliyemfungisha Floribert ndoa, na Fortunée, mke wa Floribert, alikuwa miongoni mwa waumini waliobeba mawe ya hekalu hilo kwa miaka miwili.

"Toka mardi nilikuwa ku jeûne, peke yangu," Pasta alijibu; mfungo wake ulianza Jumanne. Akaonyesha ua wa hekalu. "Lupango nilifunga na kufuli. Théodore hakukuyaka hapa."

Mjane, mama Clotilde, alimtandikia Floribert ramani mezani. Kila shimo lilikuwa na mshale unaoelekea kwenye chemchemi yake. Mashimo mawili tu hayakuwa na mshale: la karieri na lile lililo nyuma ya hekalu. Mumewe, alieleza, alikuwa akimwaga unga mwekundu shimoni, kisha anashuka kwenda kungoja kwenye maji.

"Shimo haiishie pale unaiona, tata," alisema. "Maji yake iko na mulango ya kutokea."

Kopo la unga lilikuwa limebaki nusu. Ijumaa Floribert alimwaga unga katika shimo la karieri, akakaa chemchemini hadi jua likazama. Maji yalibaki meupe. Jumamosi aliomba ufunguo wa lupango.

"Ile shimo haina mwisho," Pasta alimwambia, akitabasamu. "Utaharibu rangi ya bure."

Floribert alimwaga unga uliobaki katika shimo la nyuma ya hekalu, akashuka chemchemini. Kabla ya adhuhuri akina mama waliziacha ndoo zao wakarudi nyuma. Chemchemi ilikuwa nyekundu. Floribert akatuma Pasta aitwe.

"Kofia ilipita njia hii," alimwambia. "Ilitoka ndani ya lupango yako, weye ulifunga na kufuli."

Godefroid akakaa chini juu ya majani. Théodore alikuja Jumatano jioni, alisema, naye akamfungulia. Alikuwa na kijiti mkononi. Alimwambia kwamba chini ya madhabahu ni patupu, ujenzi usimame, na Jumapili angewaambia waumini. Pasta alimsihi angoje Pasaka. Théodore alipogeuka kuondoka, Pasta akampiga kwa jiwe la hekalu, akamsukuma kwa mkokoteni hadi shimo la karieri, karibu na shamba la Jimmy, akamtupa humo. Aliporudi akaiona kofia imebaki, akaitupa katika shimo la nyuma ya hekalu.

"Batu balibeba mawe ku kichwa myaka mbili," alisema. "Ningebaambia nini?"

"Ungeacha Théodore abaambie."

Jimmy alifunguliwa kabla ya jioni. Mama Clotilde alitandaza tena ramani ya marehemu, akampa Floribert kalamu, naye akachora mshale mmoja kati ya miwili iliyokosekana, kutoka hekaluni hadi chemchemini.

Jumapili, hekaluni, waumini walisimama kumzunguka Floribert. Alisimika kijiti chekundu mbele ya madhabahu. Fortunée akainama, akajitwika jiwe la kwanza la hekalu, akalitoa nje.