Tabaka la Kumi na Tatu

Thadeus alikwenda kula akiwa ameacha matabaka kumi na mawili ya chuma. Aliporudi karakanani kwake, kule Uru, akakuta kumi na matatu, na lile la juu lilikuwa bado la moto. Akajicheka, akasema ni njaa.

Alikuwa akiunda injini ya roketi ndogo. Mdogo wake Theodory ndiye angeiwasha kesho, kupasua wingu la mvua ya mawe kabla halijamaliza maua ya kahawa.

"Kaka, si ungefua chuma kizima tu?" Theodory alikuwa amemuuliza asubuhi ile.

"Kufua ni wiki nzima. Nikijaza tabaka juu ya tabaka, hata vinjia vya kupoozea vinatoka humo ndani. Nyundo haiwezi hilo."

"Na ubaya wake?"

"Tundu likibaki katikati, hulioni mpaka lipasuke."

"Mkononi mwangu!"

Thadeus hakumwambia kwamba vijiti vya kuchomelea vilikwisha jana, akakata nyundo ya marehemu babu yao, mhunzi, akaiyeyusha kujazia. Nyundo ya mhunzi hurithiwa, haiyeyushwi. Alijua, ila haraka ilimziba masikio.

Sasa ukungu ukashuka mchana kweupe, kukanuka nywele zilizoungua, na ndani ya chuma kukagongwa ngo, ngo, ngo, polepole, huku tabaka la kumi na nne likijipanga lenyewe bila moto wala mkono, na la kumi na tano juu yake, mpaka kinywa cha injini kikajikunja kikawa na midomo, na midomo ile ikanong'ona, "Theodory."

Thadeus alikimbia mpaka kwa shangazi yake, Theopista.

"Shikamoo, shangazi. Nimeyeyusha nyundo ya babu."

Bibi yule hata marahaba hakuitika. "Babu yenu alilifungia jini humo," alisema kwa sauti ndogo. "Chuma kilichofuliwa hakina nafasi ndani. Wewe umelijengea nyumba."

Alichuma majani ya isale, ya kuombea msamaha. Wakaizika injini miguuni pa kaburi la mhunzi, wakatema maziwa ya tambiko juu yake, Thadeus akalia wazi: "Babu, nimekosa. Mwache mdogo wangu." Kugonga kukakoma.

Theodory akaja mbio kutoka shambani, mzima. Thadeus alimkumbatia kwa furaha.

"Kaka," Theodory alisema, akinyoosha mkono, "hii bangili umenivalisha saa ngapi?"

Ilikuwa ya chuma, ya moto, tabaka moja jembamba. Wakiwa bado wanaitazama, yakawa mawili.